Mafuta ya Nazi kwenye Gitaa la Baba

Iko siku moja naikumbuka kila nikisikia harufu ya karafuu, mwanangu, na katika mji huu karafuu huikwepi. Iko kwenye chai, iko kwenye pilau, iko kwenye nywele za mwanamke aliyekaa mbele yako kwenye benchi la kliniki. Kwa hiyo siku hiyo naikumbuka mara nyingi kuliko ninavyotaka. Kaa chini nikusimulie. Najua nasaha hutolewa na watu wenye mvi, na mie mvi sina hata moja, lakini hili siwezi kungoja mpaka nizeeke ndiyo nikwambie.

Tulikuwa tunakaa Mtoni, nyuma kidogo ya Barabara ya Kilwa, kwenye nyumba ya vyumba vitatu isiyo na dari. Tulikuwa watatu: Baba, mie, na Shangazi Tatu, dada yake Baba, aliyenilea tangu Mama alipoolewa kwingine. Mie nilikuwa kidato cha tatu. Baba alikuwa mpiga solo wa dansi. Hakuwa mtu wa jina kubwa, picha yake huikuti popote, lakini kwenye bendi za upande wa Temeke walimjua, na kwenye harusi akianza kupiga kina mama walikuwaga wanaacha sahani zao. Mkono wake wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi, ulitembea kwenye shingo ya gitaa kama mtu anayepita chumbani kwake taa ikiwa imezimwa. Hagusi kiti wala meza.

Kisha akapigwa na kiharusi. Mdomo ulirudi. Mguu ulirudi kwa kuburuza. Mkono wa kushoto ukabaki kule kule ulikokwenda. Mama mmoja wa mazoezi pale hospitali alimpa mpira wa kuminya, akamuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Baba alipomwambia, yule mama akacheka, akasema, "Basi mzee, dawa unayo nyumbani. Vidole ukivipa kazi vilivyoizoea, vinarudi upesi."

Dawa yenyewe ilikuwa inaning'inia ukutani, chini ya bati. Gitaa la mbao, lile lisilotumia umeme. Tangu aumwe lilikuwa halijaguswa, mwaka na zaidi, na joto la bati lilikuwa limelimaliza. Ule ubao mweusi uliobandikwa juu ya shingo, wa mpingo, ambapo ndipo vidole vinapotembea, ulikuwa umepauka kama kisigino cha mtu asiyejipaka. Vile vyuma vyembamba vinavyoukatiza, wenyewe wanaviita freti, ncha zake zilikuwa zimetokeza pembeni kwa sababu mbao ilikuwa imenywea. Ukipitisha kiganja, zinakukwaruza.

Baba akaniambia nimpigie Mzee Mapunda. Huyu walikuwa bendi moja, yeye akipiga besi. Mngoni wa Songea, fundi seremala, anakaa Bunju, yaani ng'ambo kabisa ya mji. Niliweka simu sauti ya juu wote tusikie.

"Mapunda, gitaa limekauka."

"Gitaa au wewe?"

"Sote wawili."

"Wewe ulikauka zamani, ila ulikuwa unajificha kwenye makoti ya bendi." Baba akacheka mpaka akakohoa. "Ijumaa nakuja na mafuta yake na nyuzi mpya. Binti yuko hapo?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nisikilize wewe. Lifute vumbi kwa kitambaa kikavu. Basi. Usipake kitu. Vaselini, mafuta ya kupikia, sijui nini, chochote utakachokiona humo ndani kinang'aa, kiache. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Nilielewa kila neno. Nakwambia hili mapema ili usije ukanitafutia udhuru.

Ile Ijumaa Mzee Mapunda hakutokea. Alifiwa na kaka yake kwao Songea, akasema atakaa huko wiki tatu. Baba akasema tutamsubiri, haina shida. Na hizo wiki tatu ndizo nilizozitumia mie.

Sasa elewa nyumba yetu ilivyokuwa. Shangazi alikuwa anakuna nazi, anapika tui mpaka mafuta yanajitenga, anatia karafuu, anajaza chupa. Kila siku baada ya alasiri anamkalisha Baba mkekani uani, anamkanda na yale mafuta kuanzia kiwiko mpaka kwenye kucha. Na mkono ulikuwa unarudi! Niliona kwa macho yangu. Wiki ya kwanza kidole gumba kilitikisika tu, wiki ya tatu kikagusa kidole cha mwisho, Shangazi akapiga kigelegele majirani wakadhani kuna posa. Mafuta yale kwetu yalikuwa ya kila kitu: mtoto mchanga, kisigino, nywele, kifua kinachobana, mpaka bawaba za mlango. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba duniani kuna kitu kikavu ambacho mafuta ya nazi hayakifai. Mzee Mapunda ndiye aliyeniambia, na mie nilimwona fundi wa bara anayeringia mafuta yake ya dukani.

Na kulikuwa na kiburi. Nilitaka akija alikute linang'aa, aulize nani kalifanya hivi, na Baba aseme ni binti yangu.

Nikawa napaka asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi. Nyuzi sikuzitoa, nilipenyeza vidole katikati yake. Siku za mwanzo mbao ilikunywa, na ilipokuwa inakunywa ilirudi nyeusi, nikawa najisifu peke yangu. Kisha ikaacha kunywa, na mie sikuacha kupaka. Ulikuwa mwezi wa saba, kipupwe, na asubuhi za kipupwe wewe unazijua: mafuta ya nazi unayakuta yameganda meupe kwenye chupa, mpaka uianike juani ndiyo yamiminike. Yanavyoganda kwenye chupa ndivyo yanavyoganda kwenye gitaa. Hilo halikunijia akilini. Pembeni ya kila freti kulikuwa na mstari mweupe kama mabaki ya sabuni, juani unayeyuka unaingia ndani, asubuhi unarudi, na kila ukirudi umebeba vumbi. Harufu nayo ilibadilika. Mafuta yanayopikwa nyumbani hubakiwa na maji kidogo, yanachacha. Nilisikia uvundo, nikadhani ni wa jikoni.

Ikafika Jumamosi moja. Baba aliamka na furaha ambayo hatukuwa tumeiona tangu aumwe. Akaomba shati lake jeupe. Akamwambia Shangazi amkande asubuhi hiyo hiyo, asingoje alasiri, mkono upate moto. Walipomaliza akaniita.

"Hatumsubiri Mngoni. Lilete."

Nililileta mbio. Nilisimama mbele yake kama mtu anayesubiri zawadi.

Alilipakata. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, ukakaa mahali pake wenyewe. Wa kushoto akausaidia kupanda shingoni. Kidole cha shahada kikabonyeza, kikateleza, kikaangukia uzi wa jirani. Akakirudisha. Safari hii alitaka kukivuta kupanda juu, kikakwama kama kimekanyaga ulimbo. Nyuzi zikalia pu, pu, kama unapiga gunia. Akautoa mkono akautazama. Ulikuwa na mafuta, unanukia karafuu. Lakini si ndiyo kwanza alikuwa ametoka kukandwa? Angejuaje? Mafuta ya chupa ile ile, karafuu zile zile. Akaufuta kwenye shati lake jeupe, akajaribu tena. Na tena. Mara ya nne hakubonyeza, aliviweka vidole tu juu ya nyuzi, akaviacha hapo.

"Ni nyuzi, kaka," Shangazi alimwambia. "Nyuzi zimekufa hizo."

"Nyuzi mbovu nimezipiga maisha yangu yote, Tatu. Nazijua. Huu ni mkono."

Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, "Lirudishe, mama."

Niliona weupe wa yale mafuta chini ya kucha zake. Neno lilikuwa moja tu: Baba, nimelipaka mafuta. Nikalichukua gitaa, nikalirudisha ndani.

Nilimwambia Shangazi, nyuma ya jiko. Alishika kichwa. Kisha akanishika mkono akaubana: "Nyamaza. Daktari kasema presha isipande. Ukimwambia leo utamuua. Mapunda akija atalisafisha, kaka atajaribu tena, wala hatajua." Nami nikalidaka hilo. Shangazi yangu nampenda na kila siku namwombea, lakini neno lile nalikasirikia mpaka leo hii ninapokusimulia. Mtu mzima alinipa ruhusa ya kuwa mwoga. Na simtwishi mzigo wote: nilikuwa na miaka kumi na saba, na mdomo nilikuwa nao.

Baba hakujaribu tena. Siku iliyofuata Shangazi alipokuja na chupa alimwambia, "Unakanda maiti, Tatu, yahifadhi mafuta yako." Mpira wa kuminya ukaenda chini ya kitanda. Kile kidole gumba kilichokuwa kimefika kwa kidole cha mwisho kikarudi kilikotoka, kisha ngumi nzima ikajifunga. Nilikuwa naiona inajifunga siku hadi siku, nikipeleka chai, nikichukua kikombe.

Mzee Mapunda aliporudi kutoka Songea aliingia na maneno yake: "Wewe vipi, umenuna kama umenyimwa pilau?" Baba hakucheka. Alimwambia achukue gitaa akampe mwenye mkono. Mzee Mapunda akalitoa nje kwenye mwanga. Akalinusa. Akapitisha ukucha pembeni ya freti, ukatoka na kitu cheupe.

"Binti. Njoo hapa. Nusa."

Nikanusa.

"Nini hii?"

"Mafuta ya nazi, mzee."

"Mie nilikwambia nini kwenye simu?"

"Nisipake kitu."

"Ukapaka."

"Nilidhani..."

"Hukudhani. Anadhani mtu ambaye hajaambiwa. Wewe uliambiwa, na jibu ukanipa." Alilipakata, akabonyeza uzi mmoja, akatikisa kichwa. "Baba yako kalipiga hili? Likiwa hivi?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Mie na vidole vyangu vizima sitoi noti moja hapa. Anajua?"

"Hapana. Shangazi anaogopa presha itapanda."

"Anadhani ni mkono."

"Ndiyo, mzee."

Aliliweka chini. "Inuka. Ingia ndani ukamwambie, sasa hivi, kabla sijafungua uzi hata mmoja. Presha yake niachie mie. Nakaa hapa hapa. Ukishindwa niite, tutasema wote."

Niliingia. Baba alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani.

"Baba."

"Mm."

"Mzee Mapunda anasema..."

Aligeuka akanitazama. Yalikuwa macho ya mtu aliyechoshwa na kufarijiwa. "Anasema nini?"

"Anasema atalitengeneza gitaa."

"Asijisumbue."

Akageukia ukuta. Nilisimama pale, mwanangu, naangalia mgongo wake unavyopanda na kushuka. Muda nilikuwa nao wa kutosha kusema mara kumi. Nikatoka.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema usijisumbue."

Nusu ya uongo ule ilikuwa kweli tupu, ndiyo maana aliumeza. Akasema basi tumwache, ana haki ya kukasirika, akalibeba gitaa kwenda nalo Bunju kulisafisha. Aliahidi kulirudisha baada ya wiki mbili, Baba ajaribu upya.

Siku ya kumi na moja, mchana, Baba alipigwa na kiharusi cha pili akiwa anatoka bafuni. Tulimzika kesho yake kabla ya alasiri.

Msibani Mzee Mapunda aliniita pembeni, macho yamemvimba. Akaniambia, "Nashukuru ulimwambia. Angalau kaondoka akijua mkono wake haukuwa na kosa."

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee."

Baada ya arobaini nilikwenda Bunju. Nilimkuta anapiga randa, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitasema. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliendelea kupiga randa mpaka akamaliza ubao ule, akapangusa maranda, akasema, "Kumbe kaenda hajui." Basi. Kisha akaliteremsha gitaa, akanifundisha jinsi ya kulitunza, kwa sauti ya mtu anayemsomea mteja maelekezo ya dawa. Alipomaliza akanikabidhi. "Chukua. Nilitaka liwe langu, nipige nyimbo zake. Sasa siwezi." Mpaka leo tukikutana namwamkia, ananiitikia marahaba, anapita.

Aliyonifundisha ni haya, na wewe uyajue. Mafuta yanayoliwa usiyapeleke kwenye gitaa. Nazi, alizeti, mawese, ufuta, hata zeituni ya bei mbaya, yote yanachacha ndani ya mbao na kugeuka gundi. Limau usilikamulie, ni tindikali. Yako mafuta ya gitaa yenye harufu ya limau, hayo ni kitu kingine, ukiyapata kwenye duka la ala za muziki chukua. Ukiyakosa, nenda duka la dawa uombe likwidi parafini, ile nyeupe isiyo na harufu ambayo hupewa mtu aliyefunga choo. Useme vizuri, usije ukapewa mafuta ya taa. Mafundi wengine wanapaka linsidi, yale mafuta ya seremala ya kung'arishia mbao, nayo inafaa ikiwa tone tu, ila kitambaa chake kianike kikiwa kimekunjuliwa, kikikunjwa ovyo kinaweza kuwaka chenyewe. Na kabla ya yote angalia kama ubao umekauka kweli. Ukiwa mweupe unang'aa kama kioo umepigwa vanishi, hauhitaji mafuta yoyote. Ukiwa mweusi au wa kahawia, na umepauka, toa nyuzi zote, futa uchafu, dondosha matone mawili matatu kwenye kitambaa, pitisha, subiri kidogo, kisha kausha mpaka kidole chako kisiache alama. Mara moja kwa mwaka inatosha. Mie nilipaka mara mbili kwa siku.

Jana, hapa Boko, nimelikuta gitaa hilo hilo limelowa mafuta ya alizeti. Nikakuuliza. Ukaniambia, "Mama, limetoka jasho lenyewe." Ukacheka. Nilikupigia kelele mpaka jirani yetu Mama Jeni akachungulia ukutani akiuliza nani kaumwa na nyoka. Ulilia ukasema napenda mbao kuliko wewe. Mbao nimeshaisafisha, Nasra. Imechukua nusu saa. Ningekuwa nagombea mbao ningekwisha nyamaza.

Kwa hiyo sikiliza, na ukikua uwaambie wanao. Ukiambiwa na anayejua kwamba usiguse, usiguse, hata kama una nia nzuri, hata kama chupa iko karibu. Na ukishagusa, sema siku hiyo hiyo. Usingoje apoe, usingoje apone, usingoje mwingine akusemee. Atakayekwambia nyamaza ili kumlinda mtu, muulize anamlinda nani. Mtu unayemwogopa kwa ajili ya kosa lako huenda amekaa ndani anajilaumu kwa kosa hilo hilo, na ni wewe tu unayeweza kumwondolea. Baba yangu alikuwa amebakiza siku chache za kuishi na mkono uliokuwa unapona, nami nilimwacha azimalize akiuchukia.

Mungu akupe vidole vyepesi, mwanangu, na akupe mdomo usiochelewa. Akujaalie ukikosea uwe na mtu wa kumwambia, na yeye awe bado hai kukusikia. Amrehemu babu yako, na kama huko aliko habari zinafika, basi leo zimfike: Baba, haukuwa mkono. Nilikuwa mie. Amina.